Kijibanda cha Blok Mikononi mwa Vijana: Tatizo la Kuigiza Tamthilia ya Taashira

Miongoni mwa hoja zinazotolewa dhidi ya tamthilia za tapo la taashira, iliyo maarufu zaidi ni ile inayodai kuwa tamthilia hizo ni za kusomwa wala si za kuigizwa. Na ikibidi ziigizwe, basi waachiwe waigizaji waliokomaa, wenye sauti zilizofunzwa na umri wa kuyaelewa mauti, milele na upweke wa roho. Kikundi cha vijana, hoja hii huendelea kusema, chafaa kupewa mchezo wa kihalisia wenye kisa kinachofahamika, wahusika wanaofanana na jirani zao na funzo lililo bayana. Hoja hii ina sura ya busara na ndiyo maana imedumu. Hata hivyo, ikipimwa kwa historia ya jukwaa la Kirusi, ambako tapo hilo lilizaa baadhi ya tamthilia zake za ajabu zaidi, inaelekea kuporomoka. Makala haya yanaichunguza tamthilia moja tu, *Balaganchik* ya Aleksandr Blok, na maonyesho yake mawili yaliyosimamiwa na mwelekezi mmoja, Vsevolod Meyerhold: lile la mwaka 1906 lililoigizwa na kampuni ya kulipwa, na lile la mwaka 1914 lililoigizwa na wanafunzi wake. Swali linaloulizwa ni jepesi kulitaja lakini gumu kulijibu: je, vijana waliipa tamthilia hii kitu gani, na waliinyima nini?

Tatizo lenyewe lilikwisha kutabiriwa na mtunzi ambaye hakuwa wa tapo la taashira. Katika *Shakwe* ya Anton Chekhov, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Petersburg mwaka 1896, kijana Treplev anajenga jukwaa la muda kando ya ziwa na kumpa msichana Nina hotuba ndefu ya roho ya ulimwengu, baada ya viumbe vyote kutoweka duniani. Mamake Treplev, mwigizaji mashuhuri wa mtindo wa zamani, anauliza juu ya harufu ya kiberiti na kuicheka. Kijana anahamaki na kuamuru pazia lishushwe. Wahakiki wengi husoma tukio hili kama dhihaka ya Chekhov dhidi ya ushairi mpya wa siku zake. Usomaji huo ni sahihi nusu tu. Chekhov anamdhihaki Treplev, lakini anawadhihaki zaidi wazee walioketi mbele yake, ambao hawakuweza kunyamaza kwa dakika kumi. Tena, Nina mwenyewe analalamika kwamba katika mchezo ule hakuna watu walio hai wala matendo, ni kukariri tu. Lalamiko hilo ndilo kiini cha jambo. Treplev alimpa kijana mwenzake maneno pasi na kazi ya mwili, na mwigizaji asiye na kazi ya mwili hana la kufanya ila kusimama na kutia huzuni sautini.

Historia nayo ilitia chumvi yake. Nina wa onyesho lile la 1896 alikuwa Vera Komissarzhevskaya. Treplev wa onyesho la 1898 katika Jumba la Sanaa la Moscow, lililoirudishia *Shakwe* heshima, alikuwa Meyerhold. Wawili hawa, waliokuwa wameucheza ule mchezo wa ziwani kila mmoja katika mji wake, walikutana mwaka 1906 pale Komissarzhevskaya alipomwajiri Meyerhold kuwa mwelekezi katika jumba lake la Mtaa wa Ofitserskaya, Petersburg. Ni kama kwamba Treplev alipewa nafasi ya pili, safari hii akiwa na jumba, fedha na waigizaji. Mnamo tarehe 30 Desemba 1906, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, *Balaganchik* ikaonyeshwa humo.

Blok alikuwa na umri wa miaka 25 alipoiandika mwezi wa Januari mwaka huo, umri uleule ambao Chekhov alimpa Treplev. Alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa diwani iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1904, yenye mashairi ya kumwimbia Bibi Mzuri, mwanamke wa kimbingu ambaye washairi wa kizazi chake walimtarajia kama mtu atarajiavyo alfajiri. Fikra hiyo waliichota kwa mwanafalsafa Vladimir Solovyov, aliyefariki mwaka 1900. Kisha ukaja mwaka 1905: kushindwa vita na Wajapani, wafanyakazi kupigwa risasi barabarani mwezi Januari, migomo na mapinduzi yaliyokwama. Bibi Mzuri hakutokea. Georgy Chulkov alipomwomba Blok alipanue shairi lake fupi la mwaka 1905 liwe tamthilia, Blok aliandika mchezo mdogo ambamo waliongojea muujiza wanachekwa, na mwandishi mwenyewe yumo kati ya wanaochekwa.

Muhtasari wa kisa unahitajika hapa, kwa kuwa tamthilia hii haifahamiki sana kwa wasomaji wa Kiswahili. Kati ya kazi za jukwaa la Kirusi, ni Gogol aliyetangulia kuwafikia, kwa jina la *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, na kejeli ya Gogol si ya aina hii. Pazia linapofunguka, Wajuzi wa mambo ya siri wamekaa mezani wakiyangoja Mauti kwa kauli nzito. Pierrot, mwenye joho jeupe, anamngoja mchumba wake Columbine. Msichana anaingia, naye ana nywele zilizosukwa na kuangushwa begani. Wajuzi wanamtambua kuwa ni Mauti. Pierrot anamtambua kuwa ni Columbine. Pierrot anapoanza kutia shaka, Harlequin anaingia na kumchukua msichana. Baadaye Pierrot anasimulia kuwa Columbine alianguka thelujini kutoka katika gari la farasi, na ikabainika kuwa alikuwa wa kadibodi. Hufuata dansi ya watu waliovaa vinyago na jozi tatu za wapenzi. Mchekeshaji mmoja anapigwa upanga wa mbao kichwani, anaangukia ukingo wa jukwaa na kulia kwamba anavuja maji ya tunda jekundu liotalo katika vinamasi vya nchi za Kaskazini. Harlequin anarukia dirishani kuukimbilia ulimwengu. Kumbe mandhari ya nje yamechorwa kwenye karatasi, karatasi inapasuka, naye anatumbukia patupu. Mauti yanaonekana katika tundu lile, Pierrot anayakaribia, yanageuka kuwa Columbine. Muda wote huu Mtunzi, ambaye ni mhusika mmojawapo, anachomoza kila mara kulalamika kuwa yeye aliandika kisa cha mapenzi cha kawaida na kwamba waigizaji wamemharibia kazi. Mwishoni anatokea kwa furaha ili aiunganishe mikono ya wapenzi, na papo hapo mapambo yote yanapaa juu. Anabaki Pierrot peke yake, chini, akipiga filimbi.

Yeyote anayekusudia kuiweka tamthilia hii katika Kiswahili anakutana na matatizo mawili yanayostahili kutuliwa, kwa sababu si ya msamiati pekee. La kwanza ni anwani. *Balagan* ni kibanda cha mbao cha maonyesho ya sikukuu, kama vile vilivyojengwa Petersburg wakati wa shamrashamra zinazotangulia mfungo wa Kwaresima. Vibanda hivyo viliondolewa katikati ya mji mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo kwa hadhira ya 1906 neno lilikuwa limebeba kumbukumbu ya utoto. Kiambishi tamati cha udogo alichokitia Blok kina mapenzi na dharau kwa pamoja. Kiswahili kinaweza kusema *kibanda* au *kijibanda*. Lakini *kiji-* huelemea kwenye dharau, na mapenzi yakapungua. Pengine si hasara kubwa. Mtunzi mwenyewe ndani ya mchezo angeliona jambo lote kuwa kijibanda.

Tatizo la pili ndilo zito. Katika Kirusi, neno moja, *kosa*, lina maana ya nywele zilizosukwa na pia maana ya ule mundu mrefu wa kufyekea nyasi ambao wachoraji wa Ulaya humshikisha Mauti. Mgogoro mzima wa sehemu ya kwanza umening'inia kwenye neno hilo: Wajuzi wanaona chombo cha kuvunia roho, Pierrot anaona nywele za mpenzi wake, na wote wanatamka neno lilelile. (Kwamba sikio la Mswahili husikia katika neno hilo maana ya dosari ni sadfa ya kuchekesha, na mtafsiri asijiegemeze juu yake.) Kutafsiri kwa *msuko* upande mmoja na *mundu* upande mwingine ni kuua mgogoro, kwani mtazamaji atafahamu mara moja nani kakosea. Hata hivyo Kiswahili kina hazina yake. Kitenzi *songa* husimamia kusuka nywele, na kitenzi hichohicho husimamia kukaba roho. Mjuzi akisema kwamba yule msichana amekuja na *songo* lake, na Pierrot akajibu kwamba naam, ni songo la nywele, maana mbili zinarudi kukaa katika neno moja. Mundu unapotea, lakini mundu huo haukuwa na mizizi katika fikra za hadhira ya Afrika Mashariki, ambayo ikitajiwa kifo humkumbuka Ziraili, mtoa roho. Mfano huu unaonyesha kuwa ugumu wa Blok si ugumu wa falsafa. Ni mchezo wa maneno, wa aina ambayo watoto hutegana kwayo, na mwigizaji kijana anayejua vitendawili hahitaji kuelezwa mengi.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani inapoanza kupwaya. Wanadhani kuwa tamthilia ya taashira ni ile inayosema mambo mazito kwa fumbo. *Balaganchik* ni tamthilia ya taashira inayowacheka wanaosema mambo mazito kwa fumbo. Andrei Bely, mshairi mwenzake Blok, alilielewa hilo upesi na akaudhika. Kwake mchezo ule ulikuwa kufuru dhidi ya matumaini waliyoyashiriki, na ugomvi wao haukuwa wa fasihi peke yake. Kikundi kitakachowaigiza Wajuzi wale kwa unyenyekevu, taa zikiwa hafifu na sauti zikitetemeka, kitakuwa kimejiunga nao mezani. Kosa hili hufanywa na watu wazima zaidi kuliko vijana, kwa sababu mtu mzima ameshafunzwa kuogopa asichokielewa.

Meyerhold aliliepuka kwa njia ya kimwili kabisa. Kutokana na maelezo aliyoyaandika mwenyewe, inafahamika kuwa jukwaa lote la 1906 lilizungushiwa vitambaa vya buluu, na katikati kikawekwa kijumba cha maonyesho chenye jukwaa lake, pazia lake na kishimo cha yule anayewakumbusha waigizaji maneno. Sehemu ya juu haikufichwa: kamba na nyaya zilionekana, na kijumba kilipopaa hadhira ilikiona kikipaa. Ngoma ilipigwa, mkumbushaji akaingia kishimoni mbele ya macho ya watu na kuwasha mishumaa. Wajuzi waliketi nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheusi hadi sakafuni. Mbele yao palikuwa na viwiliwili vya kadibodi, vilivyochorwa makoti, kola na mikono ya shati kwa chaki na masizi, na waigizaji walitokeza vichwa na mikono yao kupitia matundu. Walipopatwa na hofu walivirudisha vichwa ndani, na mezani yakabaki makoti yasiyo na watu.

Kifaa hiki kinastahili kutafakariwa na kila anayefundisha uigizaji. Mwigizaji haombwi ahisi utupu wa roho ya Mjuzi. Anaombwa achomoe kichwa tunduni kwa wakati mmoja na wenzake. Hofu, ambayo mwigizaji wa kihalisia angeitafuta katika kumbukumbu zake, hapa inatokea kwenye macho ya mtazamaji, si kwenye moyo wa mchezaji. Ni kazi ya nidhamu na mpigo, na kijana wa miaka 18 anaiweza sawa na mkongwe, ikiwa si zaidi, mradi afanye mazoezi ya kutosha. Vivyo hivyo jozi ya tatu ya wapenzi, ambapo mwanamume mwenye kofia ya kadibodi na upanga mkubwa wa mbao ananena kishujaa, na mwanamke anayarudia maneno yake ya mwisho tu kama mwangwi. Ikichezwa kwa saikolojia, sehemu hii haina mashiko. Ikichezwa kwa sikio, inakuwa kejeli kali ya ndoa za fasihi ya mapenzi, na vijana ndio wanaoijua kejeli hiyo kwa kuwa bado wanasomeshwa fasihi hiyo.

Onyesho lile liliipasua hadhira vipande viwili, wengine wakipiga mbinja na wengine wakipiga makofi. Meyerhold alicheza Pierrot yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata, Novemba 1907, Komissarzhevskaya alimwachisha kazi. Mwaka 1908 aliajiriwa na majumba ya Kifalme, na kwa kuwa nafasi hiyo haikumruhusu kufanya majaribio kwingineko kwa jina lake, alitumia lakabu ya Daktari Dapertutto, aliyoitoa katika hadithi ya Hoffmann. Ni chini ya lakabu hiyo ndipo alipofungua Studio yake mwaka 1913. Wanafunzi walifunzwa naye mwendo wa jukwaani; Mikhail Gnesin aliwafunza kusoma tamthilia kwa kufuata muziki; na mtaalamu wa mchezo wa vinyago wa Kiitalia, Vladimir Solovyov, aliwafunza mbinu za akina Harlequin. (Jina lake na la mwanafalsafa aliyetajwa hapo juu ni moja, lakini ni watu wawili tofauti, wanafunzi wa shahada za juu huwachanganya.) Wengi wa waliojiunga walikuwa vijana wasio na jina jukwaani.

Mwezi Aprili 1914 kundi hili lilionyesha tamthilia mbili za Blok kwa pamoja, *Neznakomka*, yaani *Mwanamke Asiyejulikana*, pamoja na *Balaganchik*, katika ukumbi wa Shule ya Tenishev, Petersburg. Ukumbi ulikuwa wa nusu duara, viti vikipanda ngazi kwa ngazi, na hapakuwa na pazia. Viti vya mbele viliondolewa ili pawe na uwanja wa kuchezea. Yuri Bondi ndiye aliyebuni mapambo. Ugunduzi mkubwa wa onyesho ulikuwa watumishi wa jukwaa: wanafunzi waliovaa sare, ambao kazi yao ilikuwa kuleta na kuondoa vitu mbele ya hadhira. Katika sehemu ya pili ya *Neznakomka*, inayotokea darajani usiku wa theluji, watumishi hawa walileta vipande viwili vya daraja na kuviunganisha watu wakitazama. Mmoja alibeba nyota kwenye ncha ya ufito, na nyota ilipotakiwa kuanguka kutoka mbinguni aliishusha. Wengine waliinua kitambaa chepesi kuwa anga. Kati ya tamthilia ya kwanza na ya pili, vijana wa Kichina walirusha na kudaka visu, na machungwa yakatupiwa watazamaji. Machungwa hayo hayakuwa ya kubahatisha: jarida la Studio, lililoanza kutoka mwaka huohuo, lilibeba jina la mchezo wa Carlo Gozzi juu ya mapenzi ya machungwa matatu, na Blok ndiye aliyekabidhiwa kurasa zake za mashairi.

Wahakiki wengi wa magazeti hawakuridhika, na aghalabu lawama zao zimechukuliwa kama uthibitisho kwamba vijana hawakuiweza kazi. Ni vyema kutofautisha. Katika *Neznakomka*, kile kilicholaumiwa kuwa ni utoto ndicho kilichokuwa nguvu. Tamthilia hiyo inamhusu nyota anayeanguka na kuwa mwanamke, mshairi asiyeweza kumtambua, na walevi wanaozungumza upuuzi uleule katika kilabu cha pombe na katika sebule ya mabwana. Mashine za jumba kubwa zingeweza kuangusha nyota kwa ustadi ambao ungemfanya mtazamaji aulize ilifanywaje. Kijana mwenye ufito hamwachii mtazamaji swali hilo. Kila kitu ki wazi, na kwa sababu ki wazi, mtazamaji hana budi kuumba anga mwenyewe kwa hiari yake. Zaidi ya hayo, mtumishi wa jukwaa ni dhima inayowafaa vijana hasa: inadai umakini, ukimya na unyenyekevu mbele ya kazi ya mwenzio, na haina nafasi ya kujionyesha. Kikundi chenye vijana ishirini na dhima kuu tatu hakihitaji kuwaketisha kumi na saba nyuma ya jukwaa.

Katika *Balaganchik*, hata hivyo, ukumbi ule wa wazi unaelekea kuwa uliipunguzia tamthilia kitu cha msingi. Mchezo huu unaishi kwa kubomoa. Katika barua aliyomwandikia Meyerhold mwezi Desemba 1906, Blok alieleza kuwa kichekesho, kikiwemo chake, hutaka kuwa gogo la kuvunjia ukuta wa maada iliyokufa. Sasa gogo linahitaji ukuta. Mwaka 1906 ukuta ulikuwapo: kijumba, pazia, kishimo cha mkumbushaji, dirisha. Mtunzi alipochomoza mbele ya pazia alivunja desturi. Kijumba kilipopaa, kitu fulani kilichoaminiwa kilipotea. Mwaka 1914, katika ukumbi usio na pazia, ambapo daraja limekwisha kuunganishwa na kubomolewa mbele ya watu saa moja kabla, na machungwa yamekwisha kurushwa, je, kupasuka kwa karatasi ya dirishani kungemshtua nani? Mtazamaji alishazoeshwa kwamba kila kitu ni cha karatasi. Harlequin anayetumbukia patupu huanguka kutoka mahali fulani. Ikiwa jukwaa lote tayari ni patupu, anguko lake ni sarakasi tu. Kosa hili, kama ni kosa, ni la mwelekezi aliyezipanga tamthilia mbili kwa mtindo mmoja, wala si la umri wa wachezaji.

Kuna swali lingine ambalo Studio haikulijibu, nalo linahusu maumivu. Mchekeshaji anapolia kwamba anavuja maji ya matunda, hadhira hucheka, na inapaswa kucheka. Lakini baada ya mwaka 1905 hapakuwa na mkazi wa Petersburg ambaye hakujua rangi ya damu kwenye theluji. Kicheko kile kina mwiba. Kijana aliyefunzwa vyema kupiga pindu ana hatari ya kuyafikia maji ya matunda na asiufikie mwiba, kwa kuwa ufundi wenyewe unamfurahisha. Msomaji wa *Mashetani* ya Ebrahim Hussein (1971) anaifahamu hatari hii kutoka upande wa pili: Juma na Kitaru, vijana wawili, wanaanza kwa kuigiza mchezo ndani ya mchezo, na mchezo huo haukubali kubaki mchezo. Kwa Hussein, igizo linamng'ata mwigizaji. Kwa Blok, igizo linakataa kumng'ata, na kukataa huko ndiko msiba wenyewe: Pierrot anataka msiba wa kweli, lakini kila anachokishika ni kadibodi, hata mchumba. Kumfunza kijana tofauti hii hakuhitaji hotuba kuhusu milele. Kunahitaji aachwe akidaka kitu kinachotarajiwa kuwa kizito na kikawa chepesi, mara nyingi, mpaka mkono wake uanze kukereka.

Inafaa kukumbusha kuwa Blok mwenyewe hakubaki upande wa Meyerhold. Kadiri miaka ilivyosonga alivutwa zaidi na Stanislavsky, na tamthilia yake ya *Waridi na Msalaba* aliitaka ichezwe na Jumba la Sanaa la Moscow. Jumba hilo liliifanyia mazoezi mengi wakati wa vita, na kamwe halikuifikisha mbele ya hadhira. Mtu anaweza kuyachukua matokeo haya kama jibu la kejeli kwa wale wanaoshikilia kuwa taashira ni kazi ya waliokomaa: waliokomaa waliitafuta kwa bidii nafsi ya kila mhusika na hawakumaliza, hali wanafunzi wa Studio, kwa ufito na kitambaa, walifungua onyesho lao. Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuipima kazi kwa kufunguliwa kwake tu.

Linabaki suala la Pierrot wa mwisho, ambalo ndilo kipimo cha kikundi chochote kitakachoijaribu tamthilia hii. Mapambo yamekwenda, vinyago vimekimbia, Mtunzi ametoweka kwa aibu. Joho jeupe lenye vifungo vyekundu limelala sakafuni. Mhusika huyu anasema maneno machache ya kumlilia Columbine, kisha anatoa filimbi mfukoni. Waelekezi hushawishika hapa kumpa nafasi hii kijana mwenye sauti ya kutoa machozi, na muziki ukapigwa na fundi kutoka nyuma. Vishawishi vyote viwili vinairudisha tamthilia ziwani kwa Treplev. Baada ya jukwaa zima kukiri kuwa ni kadibodi, sauti ya kilio iliyopambwa haiwezi kuaminika. Na muziki unaotoka pasipoonekana unakiinua tena kile kijumba ambacho hadhira imekiona kikipaa. Kinachohitajika ni mchezaji aliyechoka kwelikweli baada ya dansi, ambaye pumzi yake bado haijatulia, na ambaye amejifunza kupiga filimbi kiasi cha kuumaliza wimbo mfupi bila kuukatisha. Akikosea sauti moja, mwelekezi aiache.